Kongamano la Kwanza la Mwalimu Adolfu

Adolfu Kipeta, mwana wa Yohanes Kipeta, mjukuu wa Mzee Kipeta mwenyewe. Mzee Kipeta ndiye yule aliyebeba kengele ya kanisa la Ilondo kutoka bandari ya Kasanga, yeye na wanaume wengine saba, siku sita kupandisha kuja huku juu Ufipa. Siku ya tano waliidondosha mtoni, wakalala ng'ambo wakiilinda, asubuhi wakaitoa. Yohanes, mwanawe, ndiye aliyefyatua matofali ya kanisa lenyewe, elfu kumi na mbili, na akakataa malipo, ingawa hakuna aliyekuwa amesema atamlipa. Adolfu, mjukuu, hakubeba kitu wala hakufyatua kitu. Yeye alisoma.

Alimaliza darasa la saba, akaenda chuo cha makatekista miaka miwili, akarudi Ilondo mwaka ule mahindi yalipooza shambani kwa mvua, akasimama mimbarini. Hajashuka tangu hapo. Ni miaka thelathini na moja. Padre hufika Ilondo Jumapili moja kwa mwezi, barabara ikikubali. Jumapili nyingine zote ni Adolfu: yeye anaongoza ibada, yeye anasoma somo la kwanza, yeye anasoma somo la pili, yeye anasoma Injili, yeye anahubiri, yeye anatoa matangazo. Wimbo tu ndio anawaachia kwaya, na huo pia huuanzisha yeye wakichelewa. Mwaka wa mvua za El Nino upepo uliezua bati upande wa kushoto, akaendesha ibada ameshika mwavuli kwa mkono mmoja na kitabu kwa mkono mwingine, na watu wa upande wa kushoto hakuwaruhusu kuhamia kulia, kwa sababu kulia ni upande wa wanaume.

Ilondo nzima inamwita Mwalimu.

Sasa, kila mwaka parokia huandika barua ya kongamano la makatekista. Na kila mwaka Mwalimu Adolfu hakwenda. Mwaka mmoja alikuwa na palizi. Mwaka mwingine ng'ombe anazaa. Alifiwa na mama mkwe wake mara mbili, mara ya kwanza kweli, mara ya pili baada ya paroko kubadilishwa. Mkewe, Luciana, alimwuliza siku moja kwa nini anamzika mama yake upya.

"Kongamano ni la wasiojua kazi," alisema Adolfu. "Mimi nikafundishwe nini?"

Hilo alilisema miaka ishirini na saba, na lilikuwa kweli moyoni mwake. Miaka minne ya mwisho aliendelea kulisema, lakini sababu ilikuwa nyingine.

Mwalimu Adolfu alikuwa haoni. Si kwamba alikuwa kipofu. Aliona mtu anakuja, akamjua kwa mwendo. Aliona mlima, aliona moshi, aliona ng'ombe ameingia kwenye maharage. Lakini herufi zilianza kuwa kama chungu wametembea kwenye karatasi, kisha chungu wakaungana, kisha ikabaki karatasi yenye ukungu. Luciana alijua, kwa sababu siku hizi ndiye aliyekuwa akimtolea mawe kwenye mchele, ilhali zamani Adolfu aliyaona mwenyewe na kumgombeza kwa mawe hayo hayo. Luciana hakwenda shule. Alichunga. Watoto wao wako Mpanda na Tunduma. Basi hapakuwa na wa kumsomea mle ndani, na nje hakutaka kumwomba mtu.

Akafanya hivi. Masomo ya kanisa huzunguka miaka mitatu kisha yanarudi, na Adolfu alikuwa ameyasoma mizunguko kumi. Yote yalikuwa kichwani. Jumapili hupanda mimbarini, hufungua kitabu popote kinapofunguka, huinamisha kichwa, na kusema somo zima neno kwa neno, kidole kikitembea juu ya ukurasa wa kitu kingine kabisa. Aligeuza na kurasa. Mtu akikaa mbele asingejua.

Redempta alijua.

Redempta Kapele ni mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, alifika kidato cha nne, ana watoto wanne, na anapika pombe ya ulezi. Ukitaka kulimiwa ntumba pale Ilondo, vile vichuguu tunamofukia majani yaoze ndani ya udongo, unapika pombe, watu wanakuja na majembe, wanalima, wanakunywa. Wengi hawana nafasi ya kupika, wanamwendea Redempta. Miaka kumi na miwili iliyopita Mwalimu Adolfu alitangaza kanisani kwamba mpika pombe hatasoma mimbarini Ilondo. Alitangaza Jumapili. Jumamosi yake alikuwa amelimiwa ntumba thelathini kwa pombe ya Redempta, na yeye mwenyewe alikunywa vikombe vitatu, akasema imeiva vizuri.

Redempta akafunga safari. Alinunua kitabu chake mwenyewe cha masomo kule mjini, akaanza kukaa benchi la tatu na kufuatisha kwa kidole.

Basi ikafika Jumapili ya kwanza ya Majilio, siku ambayo mwaka wa kanisa unageuka na masomo yanageuka nayo. Mwalimu Adolfu alipanda, akafungua, akasema somo lote kwa sauti nzuri. Lilikuwa la mwaka uliokwisha. Watu wakaitikia kama kawaida. Nje ya kanisa, Redempta alimpigia magoti, akapiga makofi taratibu kama inavyompasa mzee.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, leo umetusomea ya mwaka jana."

Adolfu akatazama upande ambao sauti ilitoka. "Neno la Mungu halina mwaka jana."

"Ndiyo, Mwalimu. Ila kitabu kinao."

Akainuka akaenda zake. Hakumwambia mtu, na hilo ndilo lililomkosesha Adolfu usingizi. Mtu akikusema unamjibu. Huyu unamjibu nini?

Mwezi wa kwanza barua ikaja, imeletwa na Limbu wa bodaboda, mwanamume mzima mwenye mke na watoto. Adolfu aliipokea, akaigeuza, akamrudishia.

"Isome. Nione kama bado unajua kusoma. Wewe nilikufundisha komunyo."

"Mwalimu, nina abiria kule."

"Abiria atangoja. Soma."

Limbu akasoma. Padre Evans, paroko mpya, anawaalika makatekista wote, pamoja na wa parokia jirani, kwenye kongamano la siku nne pale Kaengesa, Jumatatu hadi Alhamisi. Kila katekista atapangiwa kusoma mbele ya wenzake. Asiyefika bila sababu ya maandishi, kuanzia Kwaresima kigango chake, yaani kanisa lake la kijijini, kitaongozwa na katekista wa kigango jirani.

"Sijasoma vibaya, Mwalimu?" aliuliza Limbu.

"Umesoma vibaya sana," alisema Adolfu, na akaingia ndani.

Sasa tazama alivyobanwa. Asipokwenda, mimbari inachukuliwa na mtu wa jirani, ambaye babu yake hakubeba hata kamba ya kengele. Akienda, atapewa karatasi mbele ya watu sabini, waone wenyewe, na mimbari inakwenda vile vile. Alishinda shambani siku mbili. Siku ya tatu Luciana akampigia pasi koti.

"Sijasema nakwenda," alisema Adolfu.

"Nami sijasema kitu," alisema Luciana. "Napiga pasi."

Jumatatu alfajiri Limbu akampakia, baridi inakata, ukungu umelala barabarani. Walipofika Sumbawanga mjini, Adolfu akaomba asimamishwe dukani kwa Shamsi, mfanyabiashara aliyerithi duka kwa baba yake na kuwauzia watu wa Ilondo kila kitu kuanzia sukari hadi sanda. Shamsi alikuwa na kisanduku cha miwani za kusomea juu ya kaunta. Adolfu alijaribu ya kwanza, ya pili, akafika ya tisa.

"Mzee wangu, soma hapa," Shamsi akamwekea pakiti mbele ya pua.

Adolfu akaitazama kwa makini sana. "Sukari."

"Ni chumvi, Mwalimu."

"Mmebadilisha pakiti."

Shamsi akamvua miwani taratibu, akamgeuza uso kwenye mwanga wa mlango, akamtazama macho. "Haya si ya miwani. Una mtoto wa jicho, yote mawili. Marehemu baba alikuwa hivi hivi. Hospitali wanatoa, mchana unarudi nyumbani. Mimi sikuuzii kitu hapo, nitakuwa nakuibia."

"Nipe basi pipi," alisema Adolfu, ili asionekane ameingia dukani bure.

Kaengesa walikuwa sabini na watatu. Kila mmoja alipewa mkoba, daftari, kalamu, na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni chenye jina lake. Adolfu alikivaa bila kujua kama jina ni lake. Ukumbini waliketi kwa safu, na mbele alisimama Sista Adela, mwezeshaji, mwanamke mfupi wa makamo mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Siku ile ya kwanza alifundisha juu ya uongozi wa kushirikisha watu. Aliandika ubaoni mambo mengi, watu wakanakili. Adolfu pia alinakili. Alichora mistari ya mawimbi kwa umakini, kurasa mbili, akapiga mstari chini ya yale yaliyoonekana muhimu.

Kwenye kikundi wakampa karatasi asome. Akakohoa. Wakampa maji. Akakohoa zaidi. Karatasi ikaenda kwa mwingine.

Chumba walilala watatu. Mmoja kijana, Valerian, katekista wa mwaka wa pili, anayeongea na simu yake kuliko anavyoongea na watu. Mwingine mzee wa rika la Adolfu, Wiliam, anatoka kijiji cha upande wa Matai. Wiliam alikuwa na tabia ya kucheka kabla hajasema.

Jumanne mchana zikapigwa kura za kusoma. Adolfu alichota kijikaratasi, Padre Evans akakisoma: "Mwalimu Kipeta, somo la asubuhi, kesho Jumatano." Akapewa karatasi ya somo lenyewe. Hapo Adolfu alitulia, maana kazi hiyo aliijua. Akisomewa tu ajue ni lipi, kesho atalisema kama lake. Jioni, kabla ya chakula, akamkuta Wiliam amekaa kitandani.

"Ndugu yangu Wiliam. Hebu nisomee hili, nataka nisikie mnavyotamka ninyi watu wa Matai."

Wiliam akacheka. "Nisomee wewe. Mimi sioni."

"Mimi nimekuomba kwanza."

"Nami nimekujibu. Sioni. Hiyo karatasi ninaijua ni karatasi kwa sababu inapiga kelele."

Adolfu akaishika ile karatasi. Wiliam akaisogelea. Wakaitazama wote wawili kwa muda, kama watu wanaotazama mtoto mchanga wa jirani.

"Miwani yangu nimeisahau kwa Shamsi, mjini," alisema Adolfu.

"Pole," alisema Wiliam. "Yangu nimeisahau tumboni mwa mama." Akacheka tena, kisha akaita: "Valerian! Weka hilo likioo lako, uje utusomee wazee."

Valerian akasoma. Alisoma vibaya, anaparamia nukta, anapumzika katikati ya neno. Lakini Adolfu akasikia kitu. Miaka thelathini na moja alikuwa amelisema somo lile kwa mdomo wake mwenyewe, na hakuwahi kukaa chini akasomewa. Mle ndani ya somo kulikuwa na mwanamke. Amesimama pale tangu mwanzo wa habari hadi mwisho, anafanya kazi yake, na Adolfu alikuwa amempita mara kumi bila kumsalimu.

"Rudia," alisema.

Valerian akarudia. Yule mwanamke alikuwepo bado.

"Kigangoni kwako nani anasoma?" Adolfu akamwuliza Wiliam baada ya kijana kurudi kwenye simu.

"Mkamwana wangu. Mwaka wa pili huu. Wengine wawili wanapokezana naye. Mimi nahubiri."

"Na paroko wako anajua?"

"Nilimwambia mwenyewe."

"Akakufanya nini?"

"Akaniuliza kama nimekula."

Adolfu hakuamini. Alizima mazungumzo kwa kuvua viatu.

Jumatano asubuhi kanisa limejaa makatekista, Adolfu koti lake limepigwa pasi, somo liko kichwani limenyooka. Padre Evans akasimama kabla ya misa, akasema leo ni kumbukumbu ya mtakatifu, hivyo masomo ya siku yamebadilika, na karatasi mpya iko mimbarini. Adolfu alikuwa tayari anatembea. Mtu akishaanza kutembea kwenda mimbarini mbele ya watu sabini na wawili, hageuki. Akafika, akashika karatasi mpya, akainamisha kichwa, akasema lile la jana yake.

Alilisema vizuri. Alipofika kwa yule mwanamke alipunguza mwendo, kidogo tu, ili apite. Akamaliza: "Neno la Bwana."

"Tumshukuru Mungu," waliitikia makatekista sabini na wawili, kwa nguvu, na wakaketi. Kila mmoja alikuwa na karatasi mkononi yenye somo jingine kabisa. Hakuna aliyepepesa jicho. Ilikuwa mara ya kwanza Adolfu kujua kwamba watu wa Ilondo hawana tofauti na walimu wao.

Wiliam peke yake ndiye aliyekuwa ameinamia goti, mabega yanatikisika.

Wakati wa chai Sista Adela alimjia na kikombe mkononi na andazi juu ya kikombe.

"Mwalimu Kipeta. Sauti yako nzuri."

"Asante, Sista."

"Umesoma vizuri kuliko karatasi." Akanywa chai. Kisha akaenda kwa wengine, na Adolfu akabaki ameshika kikombe hanywi. Sasa, ukiacha Luciana na Wiliam, walikuwa wawili wanaojua, mmoja Ilondo na mmoja Kaengesa, na wote wanawake, na wote hawamsemi.

Kipindi cha baada ya chai Sista hakuandika ubaoni. Alisema: "Asiyeuona ubao huu vizuri, abebe kiti chake aje mbele."

Hakuna aliyeinuka.

Sista akavuta kiti, akaketi, akakunja mikono. Padre Evans, aliyekuwa amekaa ukutani, akatazama saa. Sista hakutazama saa. Nje mtu alikuwa anapasua kuni, na kila aliyemo ukumbini aliyahesabu yale mapigo ya shoka.

Kiti kikakwaruza. Ni Wiliam. "Sista, mimi ubao sioni, na wewe sikuoni. Naona kitu cheupe kinaongea." Watu wakacheka, naye akabeba kiti chake, akapita katikati, akaketi mbele kabisa, miguu ameinyoosha kama yuko kwake.

Akaja mzee mmoja wa kutoka bondeni. Akaja mwingine. Wakawa wanne, sita, tisa. Kila mmoja alibeba kiti chake kwa heshima kubwa, kama anabeba kitu cha misa. Walipofika kumi na mmoja hakuinuka mwingine.

Mwalimu Adolfu alikuwa safu ya nne. Alifikiri hivi: Padre yuko pale ukutani. Nikiinuka, ameniona. Nisipoinuka, nitarudi Ilondo na kichwa changu kilichojaa, na mwaka ujao wa kanisa nitakosea tena, na tena, na Redempta atapiga magoti kila Jumapili kunisalimia, na siku moja hatapiga. Mtu wa Kipeta hafukuzwi mimbarini na kalenda. Akainuka. Kilikuwa kiti cha plastiki, hakina uzito wowote, lakini yeye alikibeba kwa mikono miwili. Ni hatua kumi na mbili. Alizihesabu.

"Umechelewa," Wiliam alimnong'oneza. "Nilikuwekea nafasi."

Pale mbele ndipo Adolfu alipopata kongamano. Yale ya ubaoni alikuja kuyasahau. Yale ya safu ya mbele aliyashika yote. Mzee wa bondeni alisema waamini wake wanadhani anafumba macho kwa uchaji, na wawili wameanza kumwiga. Mwingine alikuwa na wasomaji sita na alieleza anavyowapata: wa kwanza hakumchukua kutoka kwaya, hakumchukua mtoto wa mwenyekiti.

"Unamchukua mbishi," alisema. "Yule anayebisha kwenye mikutano. Mbishi anasoma vizuri, kwa sababu anataka kuona kama ulichomwambia kimo."

"Na akikubishia mimbarini?" aliuliza Adolfu.

"Atakubishia nje. Mimbarini amebanwa na maandishi."

Sista Adela naye akafundisha jinsi ya kumwandaa msomaji: anakuja kwako siku moja kabla, anasoma mara ya kwanza unasikiliza maneno, mara ya pili unamwuliza nani yumo katika habari hii na anafanya nini, mara ya tatu anasoma kwa mtu aliye mbali. Adolfu hakuandika. Alikuwa amechoka kuchora mawimbi.

Jioni ile, kabla hajabadili mawazo, alimfuata Padre Evans kwenye bustani ya mboga.

"Padre, mimi sisomi. Nakariri. Mwaka wa nne huu."

Padre alikuwa kijana, umri wa mtoto wake wa mwisho. Akasema, "Na leo asubuhi?"

"Leo nilikariri la jana."

Ilionekana Padre naye alikuwa hajagundua. "Ilondo nani mwingine anasoma?"

"Hakuna."

"Miaka yote thelathini na moja?"

"Hakuna."

"Basi, Mwalimu, macho yana daktari, tutapanga. Lile la hakuna ndilo linalonitisha. Nitakuja Ilondo Jumapili ya kwanza ya Kwaresima. Nikute watu wawili wanasoma, mbali na wewe. Nisipowakuta, namleta mwenzako wa jirani kama nilivyoandika."

"Nimekusikia, Padre."

"Umekula?" aliuliza Padre.

Alhamisi jioni alishuka kwenye pikipiki ya Limbu, mkoba begani. Majirani wawili watatu walikuwa wamesimama, kwa sababu habari ya Mwalimu kwenda kongamano ilikuwa kubwa kuliko kongamano. Luciana akampokea mkoba, akaupima uzito.

"Umepata nini huko?"

"Mkoba," alisema Adolfu. "Na kalamu. Na kuna mzee mmoja wa Matai, atakuja kututembelea, anacheka sana."

"Siku nne, mkoba na mtu anayecheka."

"Na kuna jambo nataka uniambie. Redempta Kapele, unamwonaje?"

Luciana alifikiri. "Ana mdomo."

"Vizuri," alisema Adolfu, na akaomba maji ya kunawa.

Ijumaa baada ya umande kukauka alichukua kitabu cha masomo cha kigango, akakifunga kwenye kitambaa, akatembea mwenyewe hadi kwa Redempta, kule juu karibu na kisima. Msimu wa ntumba ulikuwa umefika, na Redempta alikuwa uani anachuja, mikono imeingia kwenye machicha ya ulezi hadi viwiko, mitungi mitatu imejipanga. Alipomwona akataka kupiga magoti.

"Usipige magoti, utamwaga," alisema Adolfu. Akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Hiyo ya nani?"

"Ya mwenyekiti wa kigango, Mwalimu. Kesho analimiwa."

"Sawa." Akanusa. "Imechelewa kidogo."

"Haijachelewa."

"Imechelewa."

"Mwalimu umekuja kuonja, au umekuja kunifukuza kanisani kabisa?"

Adolfu akaweka kile kitambaa magotini, akakifungua. "Jumapili ile ya Majilio, kwa nini hukuwaambia watu?"

Redempta akaendelea kuchuja. "Ningewaambia nini? Kwamba Mwalimu amekosea? Wangesema mpika pombe ana chuki."

"Ulikuwa na chuki?"

"Miaka kumi na miwili, Mwalimu. Ningekosaje?"

Adolfu akatikisa kichwa kukubali. Lilikuwa jibu la mtu mbishi, na hilo ndilo alilolifuata. "Macho yangu hayaoni herufi. Nimekuwa nikisema yaliyo kichwani. Jumapili nitawaambia watu wote mwenyewe, kabla ya somo. Macho kwanza, halafu lile tangazo la pombe, kwamba nilikosa, maana siku moja kabla nilikunywa."

"Vikombe vitatu."

"Vitatu. Usinisaidie kuhesabu."

Redempta aliacha kuchuja. Kuku walikuja kwenye machicha, hakuwafukuza.

"Sasa sikiliza, mama," alisema Mwalimu Adolfu. "Somo la kwanza Jumapili ni lako. Kesho saa tisa uje nyumbani. Utasoma mara tatu. Mara ya kwanza nitasikiliza maneno. Mara ya pili nitakuuliza nani yumo, na usinitajie wakubwa tu, unitajie hata aliyesimama pembeni. Mara ya tatu Luciana atakaa jikoni, mlango umefungwa, na asiposikia utarudia."

"Na somo la pili?"

"La pili Jumapili hii nitamwomba Limbu. Anasoma vibaya, lakini anasoma kilichoandikwa. Kwaresima ikiingia Padre anataka wawili, nami namtaka wa tatu. Huyo wa tatu mtafute wewe. Usiniulize ni nani. Mfundishe kama nitakavyokufundisha kesho, siku yake ikifika umlete tu, asimame asome."

"Akiwa mtu ambaye humpendi?"

"Ndiyo maana nimekwambia usiniulize."

Alimnyooshea kitabu. Redempta akanyoosha mikono kukipokea, ulezi unamchuruzika hadi kwenye viwiko, na Adolfu, kwa macho yake yale yale, akaliona hilo upesi, akakirudisha kitabu kifuani.

"Kanawe kwanza," alisema. "Halafu uje uanze kunisomea mstari wa juu."